Kabla ya Kulaumu Giaboksi

Msikilizaji, leo tukae kwenye sehemu moja tu ya gari la zamani la spoti. Ni sehemu isiyoonekana, isiyong'aa, wala haitajwi gari linapouzwa: vile vyuma na plastiki vinavyounganisha mkono wa gia na giaboksi. Mafundi wetu huiita linkeji. Gari nitakalolitolea mfano ni Porsche 911, hasa zile za kuanzia mwaka 1972 hadi 1986, kwa sababu silijui gari jingine ambalo giaboksi yake imebebeshwa lawama nyingi kiasi hicho, na nyingi si zake.

Malalamiko ya wenye magari haya yanafanana. Gia ya kwanza mpaka uitafute. Ya pili inakwaruza, hasa asubuhi. Ya tano leo ipo, kesho haipo. Mkono wa gia unachezacheza hata gari likiwa ndani ya gia, na ukiingiza ya tatu huna hakika kama ni ya tatu kweli au umeangukia ya kwanza. Mwenye gari anakwenda gereji, fundi analiendesha hadi kona ya kwanza, anarudi akitikisa kichwa: giaboksi imekwisha, ishushwe. Na kushusha giaboksi ya 911 si kazi ya mchana mmoja wa mzaha, maana kwa kawaida hushuka pamoja na injini. Spea zake za ndani ni ghali popote duniani, na huku kwetu mpaka ziagizwe.

Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu nimeliona. Ipo 911 SC moja ambayo mwenyewe alikwisha kuambiwa atafute fedha za giaboksi. Tulipofunua zulia kati ya viti vya nyuma na kufungua kifuniko cha bati kilichoziba mwisho wa handaki la sakafu, tulikuta kaplingi ya linkeji imezungukwa na vipande vya plastiki vilivyokauka, vikishikwa kwa vidole vinasagika. Hivyo ndivyo vilivyokuwa bushi, yaani vile vipande vinavyojaza nafasi kati ya chuma na chuma. Kilichobaki mle ni pini ya chuma ikigonga ndani ya tundu la chuma, tena tundu lenye nafasi ya kutosha kuufanya mkono wa gia uyumbe kwa upana wa kiganja. Giaboksi ile haikufunguliwa. Linkeji ilibadilishiwa bushi, ikapimwa upya, gari likarudi barabarani.

Tuanze na mpangilio wa gari lenyewe. Katika magari mengi ya injini ya mbele yanayosukumwa na magurudumu ya nyuma, mkono wa gia unakaa juu ya giaboksi yenyewe. Datsun 240Z, gari lililompa Edgar Herrmann ushindi wa mashindano ya Safari Rally ya Afrika Mashariki mwaka 1971 na Shekhar Mehta mwaka 1973, liko hivyo: mkono unashuka moja kwa moja hadi ndani ya giaboksi, na safari ya amri ya dereva ni fupi. Kwenye 911 mambo ni mengine. Injini iko nyuma kabisa, imepita hata ekseli ya nyuma, na giaboksi imekaa mbele ya injini hiyo. Dereva yuko mbali huko mbele. Amri ya mkono wake inabidi isafirishwe na rodi ndefu ya chuma inayopita katika handaki la katikati ya sakafu, mpaka kwenye kaplingi, na kaplingi ndiyo inayoikabidhi kwa rodi fupi inayoingia ndani ya giaboksi.

Mpangilio huu ni wa ukoo. Porsche 356 ya mwaka 1948 ilijengwa kwa vifaa vingi vya Volkswagen Beetle, gari lililobuniwa na Ferdinand Porsche mwenyewe, na 911 ikarithi kutoka hapo. Kwa hiyo fundi mzee wa hapa Afrika Mashariki aliyezoea Beetle, gari lililoshinda Safari mwaka 1954, 1957 na tena 1962, akifunuliwa handaki la 911 hatashangaa sana. Rodi ataikuta, bushi ya kuiongoza rodi ataikuta, na kaplingi chini ya kifuniko huko nyuma ataikuta. Nimewahi kusikia watu wakisema gari la Porsche haliguswi ila na aliyesomea Ujerumani. Kwa linkeji, hapana. Mtu aliyetengeneza Beetle za wamishenari na za maofisa wa kilimo kwa miaka mingi ana msingi wote anaouhitaji.

Sasa sikiliza vizuri, maana kila kitu kinasimama hapa. Rodi ile ina miendo miwili tu. Ukiupeleka mkono wa gia kushoto au kulia, rodi inajizungusha. Kujizungusha huko ndiko kunakochagua njia: njia ya gia ya kwanza na ya pili, njia ya tatu na ya nne, au njia ya tano na rivasi. Ukiupeleka mkono mbele au nyuma, rodi inateleza. Kuteleza huko ndiko kunakoingiza gia. Kwanza unachagua, kisha unaingiza. Rodi ikiwa imejizungusha kupita kiasi upande mmoja, utapata njia za upande huo vizuri na zile za upande wa pili utazikosa. Ndiyo maana mtu analalamika kwamba kwanza na pili ni laini kama zamani lakini ya tano haipatikani, au kinyume chake. Na rodi ikiwa imekaa mbele mno au nyuma mno, gia za upande mmoja zitaingia hadi mwisho, na za upande wa pili zitaingia nusu. Gia iliyoingia nusu meno yake yameshikana kwa ncha tu. Ukikanyaga mafuta au ukiachia ghafla, inaruka na kurudi nyutro. Dereva anasikia gia inaruka, anaamini meno ya ndani yameliwa. Huenda bado hayajaliwa. Lakini akiendelea kuendesha hivyo, yataliwa kweli.

Kwa hiyo mtu akiniambia gia zinasumbua, swali langu la kwanza ni: zipi, na zinasumbuaje? Jibu la "zote" halinisaidii. Nataka kujua kama ni njia moja, au ni mwelekeo mmoja, au ni gia moja pekee. Tatizo la gia moja pekee, huku jirani zake zote ni nzima, ndilo linalonifanya nianze kuishuku giaboksi yenyewe.

Baada ya swali hilo, kuna jaribio lisilohitaji spana. Zima injini, kaa kwenye kiti, kanyaga klachi, pitisha gia zote moja baada ya nyingine. Kama injini ikiwa imezimwa kila gia inaingia bila ubishi, na ikiwashwa zinagoma, acha linkeji kabisa. Nenda kwenye klachi. Kwenye 911 za hadi mwaka 1986 klachi inavutwa kwa kebo, na kebo hurefuka, na urekebishaji wake hupotea. Washa injini, acha gari limesimama, kanyaga klachi hadi mwisho, subiri kidogo, kisha ingiza rivasi taratibu. Rivasi haina sinkro, yaani kile kifaa kinacholinganisha mwendo wa gia kabla hazijashikana, kwa hiyo haifichi kitu. Ikikwaruza, ujue klachi haiachii yote, na hapo kurekebisha linkeji ni kupoteza muda na kumpotezea mwenye gari fedha.

Jambo jingine linalosahaulika ni raba zinazobeba injini na giaboksi. Rodi imefungwa upande wa bodi ya gari, giaboksi inaning'inia kwenye raba. Raba zikichoka, ukiongeza mwendo mzigo wote ule unajisogeza, na kipimo ulichokiweka gari likiwa limesimama hakipo tena gari likikimbia. Nimeona watu wakirekebisha linkeji mara kwa mara, kila mara ikiwa sawa pale uwanjani na mbovu barabarani, na kumbe shida ni raba tu.

Klachi ikiwa nzima na raba zikiwa nzima, sasa tunafika kwenye bushi. Na hapa nina msimamo ambao siuachii: usirekebishe linkeji yenye bushi zilizokwisha. Marekebisho hayaondoi uchakavu. Jembe lenye mpini uliolegea hulinyooshi kwa kubadili namna unavyosimama shambani. Unakaza mpini kwanza. Bushi ziko sehemu tatu. Ya kwanza ni kikombe kidogo cha plastiki mbele, pale ncha ya chini ya mkono wa gia, ambayo ni duara, inapoingia kwenye kichwa cha rodi. Ya pili iko ndani ya handaki, inaishika rodi isiyumbe. Ya tatu ni zile za kaplingi nyuma. Zote ni vitu vya bei ndogo ukizilinganisha na gari lenyewe. Zote huzeeka hata gari likiegeshwa, kwa sababu plastiki hukauka kwa umri na joto, na wala haingojei kilomita.

Ile ya mbele ndiyo ninayowasihi watu wasiipuuze, kwa sababu iko mwanzo kabisa wa safari. Kikombe kikipasuka, kila kosa dogo pale mbele linabebwa na rodi yote hadi nyuma. Kukibadilisha inabidi ung'oe msingi wa mkono wa gia, na ukishaung'oa, usifunge bila kusafisha grisi kuukuu yote. Grisi ya miaka mingi ikichanganyika na vumbi hugeuka kuwa msasa. Paka mpya, kiasi tu. Watu hujaza grisi mle wakidhani wanasaidia, kumbe wanaandaa mahali pa vumbi jipya kukaa.

Vumbi ninalolitaja huku kwetu ni jambo zito, na hata Porsche yenyewe ililionja. Porsche ilihangaika na Safari Rally kwa miaka mingi bila kuipata. Mwaka 1974 Björn Waldegård, dereva wa Sweden, alimaliza wa pili kwa 911 nyuma ya Joginder Singh na Mitsubishi yake. Mwaka 1978 kiwanda kilileta 911 SC zilizonyanyuliwa juu, zenye rangi za mdhamini Martini. Vic Preston Jr akawa wa pili, Waldegård wa nne, na ushindi ukaenda kwa Jean-Pierre Nicolas na Peugeot 504. Waldegård huyo huyo aliishinda Safari mara nne, mwaka 1977, 1984, 1986 na 1990, na hata mara moja hakuwa ndani ya Porsche. Ilibidi ingojewe Safari Classic, yale mashindano ya magari ya zamani yaliyoanza mwaka 2003, ndipo mwaka 2011 akashinda kwa 911 iliyoandaliwa na Tuthill ya Uingereza, mwanawe Mathias akiwa amekaa pembeni yake kama msoma ramani. Mwaka 2015 Stig Blomqvist naye akashinda kwa 911.

Nayasema haya kwa sababu gari lililotengenezwa kwa ajili ya barabara laini za Ulaya limethibitika kuhimili barabara za Taita na mfinyanzi mweusi wa mvua, na rodi ile ile ndefu ndani ya handaki ndiyo iliyobeba kila gia. Mpangilio wenyewe hauna ubaya. Unachotaka ni kutunzwa.

Haya, bushi ni mpya. Sasa kurekebisha. Kazi hii inataka watu wawili, na wawili hao wawe wanasikilizana. Mmoja anakaa mbele na mkono wa gia, mwingine amepiga magoti nyuma kwenye tundu la kaplingi akiwa na spana ya 13. Gari liwe kwenye nyutro, magurudumu yazuiwe. Yule wa nyuma analegeza klampu inayoshika rodi ndefu. Akishailegeza, mbele na nyuma havijuani tena: mkono wa gia unaweza kukaa popote, na giaboksi iko kwenye nyutro yake yenyewe. Kazi yote iliyobaki ni kuvikutanisha viwili hivi mahali sahihi kisha kukaza.

Wa nyuma anaizungusha rodi fupi ya giaboksi, taratibu, kwa mkono, hadi inapogota mwisho wa njia za upande ule uliotajwa na kitabu cha gari husika, na anaishikilia hapo bila kuilazimisha. Wa mbele anauweka mkono wa gia wima, usilale mbele wala nyuma, kisha anausogeza hadi unapogota kwenye kizuizi cha upande unaolingana. Hapo ndipo kimya kinahitajika. Wa mbele asitetemeke, wa nyuma asiharakishe. Klampu inakazwa, na kipimo cha kiwanda ni takriban Nm 25. Ukiikaza kwa hasira utaikata nyuzi. Ukiikaza kwa huruma itateleza wiki ijayo.

Upande wa kitabu naomba uheshimiwe. Giaboksi za 911 si zote sawa. Zile za kabla ya mwaka 1972, aina ya 901, zina gia ya kwanza kushoto nyuma, na rivasi juu yake, ili ya pili na ya tatu zikae kwenye mstari mmoja, kwa kuwa ya kwanza ilikusudiwa kuondokea tu. Kuanzia mwaka 1972 ikaja aina ya 915, yenye kwanza na pili kushoto, na rivasi kulia nyuma chini ya ya tano. Kuanzia mwaka 1987 ikaja G50, na rivasi ikahamia kushoto mbele. Fundi akichukua maelekezo ya moja akayatumia kwa nyingine, atarekebisha kwa uangalifu mkubwa na kuharibu kwa uangalifu ule ule.

Baada ya kukaza, usifunge kifuniko. Injini ikiwa imezimwa, pitisha gia zote, na katika kila gia utazame kitu kimoja: je, mkono ukishafika mwisho wa gia, bado una mchezo kidogo kabla haujagusa bodi au kizuizi? Lazima uwepo, mbele na nyuma, na uwe unakaribiana pande zote mbili. Kama ya kwanza, ya tatu na ya tano zina nafasi nyingi, na ya pili na ya nne zinagota mapema, legeza tena, sogeza rodi kidogo sana, kaza, rudia. Ninaposema kidogo sana, namaanisha milimita moja au mbili. Marekebisho mazuri mara nyingi hayaonekani kwa macho. Yanahisiwa mkononi: mkono wa gia unaingia kwenye njia yake bila kutafuta, na nyutro inarudi katikati yenyewe.

Wapo wanaoruka hatua hizi zote na kununua mkono mfupi wa gia, ule unaopunguza umbali wa kubadilisha. Sipendi uwe dawa ya kwanza. Umbali ukipungua, nguvu inayohitajika inaongezeka, na nguvu hiyo inakwenda moja kwa moja kwenye sinkro. Kwa giaboksi ya 915, ambayo sinkro zake hazipendi kusukumwa, mkono mfupi kwa dereva mwenye haraka ni njia ya mkato kuelekea kule kule kwenye kushusha giaboksi.

Na hili la haraka ni la dereva, si la fundi. Giaboksi ya 915 ikiwa baridi, hata ikiwa imepimwa kikamilifu, gia ya pili itasita. Hiyo ni tabia yake ya kawaida. Oili ya gia ni nzito, sinkro zinataka muda wa kulinganisha mwendo, na dereva anatakiwa kuusukuma mkono kwa utulivu, kutua kidogo kwenye nyutro, kisha kuuacha uingie. Kilomita chache za kwanza, nenda polepole, na ukipenda ruka kutoka ya kwanza hadi ya tatu kwenye barabara tambarare mpaka oili ipate moto. Tumia oili ya daraja linalotajwa na kitabu cha gari. Wenye 911 wengi wanabishana kuhusu chapa, lakini ambacho hakuna anayebisha ni kwamba oili ya miaka kumi iliyosahaulika mle ndani haisaidii sinkro yoyote.

Linkeji ikishapimwa, endesha gari kwa wiki moja au mbili katika hali zako za kawaida, mjini na barabara mbovu, kisha fungua tena kile kifuniko kati ya viti vya nyuma. Angalia klampu kama imesogea. Alama ndogo ya rangi kwenye rodi na klampu itakuonyesha mara moja. Angalia na ile skrubu ya kaplingi yenye ncha ya koni inayoingia kwenye rodi ya giaboksi, kwa sababu hiyo ikilegea njiani, gari litabaki kwenye gia lilimokuwa na hutaweza kulitoa mpaka ulifikie tundu hilo.